Malaria ya Bertrams

Makaburini, mjomba Anatole alisema mdogo wangu Clémentine ameuawa na malaria. Alisema Clémentine alikwenda Maputo kununua nguo za kuuza, akarudi na homa, homa ikampanda kichwani. Watu waliitikia kwa vichwa. Clémentine hakuwahi kufika Maputo. Karatasi yake ya ukimbizi isingemvusha mpaka wowote.

Kwetu Burundi, mtu akifa, msemaji mmoja husimama mbele ya waliokuja kuzika akaeleza marehemu aliugua nini, alitibiwa wapi na alikata roho vipi. Familia ndiyo humchagua. Akishasema, jambo limekuwa hivyo alivyosema. Baadaye, karibu mwaka ukipita, watu hukutana tena kuondoa msiba, siku tunayoiita kuganduka, na msemaji huyohuyo husimama tena. Baada ya siku hiyo habari za kifo zimefungwa. Hakuna anayeuliza tena, na anayezifungua huonekana mkorofi.

Anatole si mjomba wangu wa damu. Alikuwa jirani yetu Buyenzi, Bujumbura, na hapa Johannesburg ni fundi cherehani, ana chumba cha mbele katika nyumba moja Bertrams, karibu na uwanja wa Ellis Park. Wajomba zangu wa damu wako mbali, kwa hiyo yeye ndiye mjomba. Ameshika nafasi hiyo kwa watu wengi hapa. Ana koti moja jeusi la kazi hiyo.

Wiki ya kuganduka nilimkuta akikata vitenge vya sisi wanawake wa familia. Alikuwa na pini mdomoni.

"Mjomba," nilisema, "safari hii utasema nini?"

"Nilichosema."

"Maputo?"

"Maputo."

"Mjomba, Johannesburg hakuna malaria."

"Ndiyo maana nilimpeleka Maputo." Alitoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa. "Mama Fiacre, wewe umesoma hadi sekondari, nisikilize. Simu itakuwa wazi siku ile. Mama yako atakuwa anasikiliza kule Buyenzi, na shangazi zako, na majirani waliokuja kumsaidia kusikiliza. Ndani ya watu hao nani ana mume askari? Nani anasali na mke wa diwani? Mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi. Kule wataanza kuuliza: dawa alipata wapi, nani alijua, nani alimtumia. Mama mtu mzima aanze kuitwa ofisini. Malaria haimwiti mtu ofisini."

Alirudisha pini mdomoni, kwa hiyo maongezi yakaisha.

Naandika hapa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu toleo la Maputo limekaa vizuri mno, na nimeanza kukutana na watu wanaokumbuka siku ambayo Clémentine aliondoka na mabegi.

Clémentine alikuwa anauza nguo za watoto kwenye meza ya kando ya barabara Hillbrow, na alipanga chumba na wasichana wawili katika ghorofa moja hukohuko. Alipata mimba. Mwanaume alihamia Cape Town na namba yake ikawa haipatikani. Clémentine hakutaka kuzaa. Hakuniambia mimi, alimwambia msichana mmoja wa chumbani, na huyo ndiye aliyenisimulia baadaye.

Kwanza alikwenda kliniki. Langoni walisimama watu waliovaa fulana zenye maandishi ya kuwataka wageni warudi kwao, wakimdai kila anayeingia kitambulisho cha Afrika Kusini. Hawakuwa wafanyakazi wa kliniki wala wa serikali. Lakini walikuwa na sauti, walikuwa na fulana zinazofanana, na mlinzi wa lango alikuwa ameketi nyuma yao akila njugu. Clémentine aliwaona watu wale akadhani ndiyo sheria. Akageuka.

Kwenye nguzo za umeme Hillbrow zimebandikwa karatasi za kutangaza utoaji mimba, moja juu ya nyingine, zenye maneno kama haya: haraka, salama, bila maumivu. Chini ya maneno pana namba ya simu. Alipiga namba mojawapo. Mtu akaja na vidonge ndani ya kipande cha gazeti, akampa, akaondoka. Hakumwambia damu ya kawaida ni kiasi gani wala ni wakati gani wa kutafuta msaada.

Alitokwa damu siku kadhaa. Mimi alinipigia akasema yuko kwenye siku zake na tumbo linamuuma. Siku yule msichana aliponiita nilimkuta amelala juu ya taulo, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Nilipotaja hospitali alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Dada, usinipeleke. Unamkumbuka Sagesse?"

Nilimkumbuka. Sagesse alikuwa binti wa nyumba iliyotazamana na yetu Buyenzi. Alifika hospitali akitokwa damu, muuguzi akaita polisi, na alipoinuka kitandani alitoka amefungwa pingu. Clémentine alikuwa bado anavaa sare ya shule. Mama yetu alimpelekea Sagesse chakula gerezani kila Jumapili, na mara nyingine Clémentine ndiye aliyebeba sufuria.

Tulimteremsha kwa ngazi, kwa sababu lifti ya ghorofa ile haifanyi kazi, tukampakia kwenye gari la jirani. Hospitalini walimpokea haraka. Hakuna aliyeuliza kitambulisho, hakuna aliyeita polisi. Walimfanyia kila walichoweza. Alifariki kabla ya asubuhi.

Daktari aliyenipa habari alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko mimi. Aliuliza kwa nini hakuja mapema. Nikamweleza habari za polisi.

"Polisi gani?" akasema. "Hapa si kosa. Si kosa tangu mimi sijaanza shule. Angekuja kliniki mwanzoni, akaomba, angepewa. Hata kama angeanza mwenyewe nyumbani, angekuja tu tukamtibu."

Ndivyo nilivyoijua sheria ya nchi ninayoishi. Nilielezwa wakati mdogo wangu amekwishafunikwa.

Watu walipoanza kufika Bertrams kutoa pole, Anatole alinivuta kando akaniuliza nini kimemuua. Nikamwambia yote. Alisikiliza hadi mwisho, akatoa kitambaa akafuta miwani, akasema, "Malaria." Siku ile sikuwa na nguvu ya kubishana, na kwa kweli sikuona kama kuna haja. Aliyekufa amekufa. Kwa miezi mingi niliishi na malaria hiyo bila shida.

Haja ilikuja kwa Jocelyne.

Jocelyne ni Mkongomani wa Uvira. Saluni tunayosukia iko Hillbrow, na kiti chake kiko pembeni ya changu. Mumewe Firmin ni mlinzi, analinda jengo la ofisi. Wana watoto watatu. Yule wa mwisho alitolewa kwa upasuaji, na Jocelyne alipoteza damu nyingi hadi wakamwambia akae miaka kabla ya kubeba tena. Ni mcheshi. Mteja akilalamika kwamba rasta zimebana, humwambia, "Vumilia, mama, hii ni lifting ya uso, inavuta makunyanzi, na sijakulipisha." Kwa hiyo alipokaa kimya wiki nzima, niliona.

Mchana mmoja tulikuwa peke yetu, tunapanga nywele za bandia kwa rangi.

"Yaya Spès," alisema, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "unajua yule mutu wa namba za kwenye nguzo? Wanasema ni mutu mzuri?"

Niliweka nywele chini. "Unamtakia nini?"

"Ni kwa rafiki."

"Huyo rafiki ana watoto wangapi?"

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Watatu," akasema. "Na bwana yake hajui. Akijua atafurahi, na mimi nitakufa. Nilishamupigia yule mutu. Ataleta Jumapili, maana Jumapili niko na nafasi ya kulala. Jumamosi tuko kwenu kwa kuganduka."

Nikamwambia. Nilimsimulia habari ya Clémentine kama nilivyoiandika hapa, bila kupunguza. Nikamwambia kwamba kliniki wanatoa bure, kwamba si kosa, kwamba hata mumewe haulizwi. Nilidhani ukweli ukisemwa unatosha.

Jocelyne alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mfiwa.

"Yaya, pole. Najua musiba haujaisha kwako. Lakini Clémentine alikufa na malaria. Mjomba alisema makaburini, watu wote tukasikia. Aliongea mpaka jina ya Maputo. Sasa wewe unaniletea ingine hapa juu ya nywele, sababu unataka kunitisha nisitoe."

"Sitaki usitoe. Nataka uende kliniki."

"Kliniki ni hospitali, na hospitali ni polisi. Kwetu ni vile, kwenu ni vile. Hapa ndiyo itakuwa tofauti, hapa hata dukani wanatufukuza?" Alichukua kifungu cha nywele nyekundu akakiweka kwenye nyeusi. "Mjomba ni mutu muzima. Hawezi kudanganya juu ya kaburi."

Siku hiyo nilijaribu mara nyingine mbili, na mara zote jibu lilikuwa mjomba. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, kama mtu angenijia pembeni na habari tofauti na iliyosemwa na msemaji, ningeiita umbea.

Tuna mteja mmoja ninayemsuka mara kwa mara, Sista Thandeka, muuguzi. Tangu Clémentine afariki nilikuwa nataka kumuuliza mambo fulani na nilikuwa naahirisha. Alipokuja wiki ile nilimuuliza huku nimesimama nyuma yake, kwa sababu ni rahisi kuuliza kichwa kuliko uso. Alinijibu bila kugeuka. Hadi wiki ya kumi na mbili mwanamke anaomba mwenyewe na inatosha. Ikizidi hapo lazima ziwepo sababu, na mambo yanakuwa marefu. Sheria inasema mwanamke, haisemi wa nchi gani.

"Na wale wa langoni?" nikauliza.

"Wale wa langoni si sheria," alisema. "Ila wako langoni. Si kila kliniki wamesimama, na si kila kliniki inatoa huduma hiyo. Nitakuandikia jina la kliniki inayotoa, na ambayo wale hawasimami. Usinivute hapo nyuma, tafadhali."

Jocelyne, kwa hesabu yake, alikuwa anakaribia wiki ya kumi.

Ijumaa nilirudi kwa Anatole. Vitenge vilikuwa vimekwisha, alikuwa anavipiga pasi. Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Mjomba, kuna mwanamke anataka kufanya kama Clémentine alivyofanya. Dawa zinakuja Jumapili."

"Mwambie asifanye."

"Nimemwambia aende kliniki. Hataki."

"Kwa nini hataki?"

"Kwa sababu yako."

Pasi ilisimama. "Yangu mimi? Namjua?"

"Unamjua, sikutajii. Nimemwambia Clémentine alikufa vipi. Amenijibu: mjomba alisema malaria, na mjomba hawezi kudanganya juu ya kaburi. Ndivyo alivyosema. Kesho ukisema malaria mara ya pili, mimi sina tena la kumwambia. Litakuwa limefungwa."

Aliinua pasi, kwa sababu ilikuwa inaanza kuunguza kitambaa.

"Unataka nimvue nguo mdogo wako mbele ya watu," alisema. "Gustave mzee wa kanisa atakuwa amekaa mbele kabisa. Na mama yako kwenye simu. Unajua ninachoombwa? Nikisema kweli, mama yako atapata msiba mara mbili. Nikisema Maputo, huyo mwanamke wako atakunywa sumu yake. Kazi gani hii? Mimi ni fundi cherehani."

"Ndiyo, mjomba."

"Ana watoto?"

"Watatu."

Aliendelea kupiga pasi. Alikunja vitenge kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akanikabidhi, akaniambia nimsalimie Fiacre. Niliondoka bila kujua atasema nini.

Jumamosi tulikutana kwenye ua wa nyumba hiyohiyo ya Bertrams. Tulikodi viti vya plastiki na hema, kwa sababu jua la mchana lilikuwa kali ingawa asubuhi kulikuwa na baridi. Walikuja Warundi wengi, Wakongomani kutoka saluni na kanisani, na wanawake wa Hillbrow waliokuwa na meza kando ya meza ya Clémentine. Jocelyne alikaa safu ya tatu na Firmin, ambaye alikuja na sare yake ya ulinzi kwa kuwa alikuwa na zamu jioni. Watoto walikuwa barabarani na mpira. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya soda juu ya meza, na ndani yake alionekana mama yangu, uso wake mdogo kama stempu, na nyuma yake migongo na mabega ya watu nisiowatambua.

Gustave alisali sala ndefu. Kisha Anatole akasimama na koti lake jeusi.

Alianza vizuri, kama kawaida yake. Alimsalimia mama, akataja nyumba yetu, akataja baba aliyetangulia, akashukuru waliochimba kaburi na waliopika. Kisha akasema, "Sasa nieleze ugonjwa." Akakohoa. Akaiendea meza, akainama karibu na simu.

"Mama, unanisikia?"

"Ninakusikia, Anatole," sauti ya mama ikasema.

"Mimi sikusikii vizuri. Unakatika."

"Mbona mimi nakusikia?"

"Mtandao wa hapa ni mbaya, mama. Eish. Subiri kidogo, tutakupigia." Akabonyeza kitu, uso wa mama ukatoweka. Aliilaza simu kifudifudi, akaweka kofia yake juu yake. Mtandao ulikuwa mzuri. Firmin alikuwa anaangalia mpira kwenye simu yake.

Anatole alirudi mahali pake.

"Makaburini niliwaambia malaria," alisema. "Mimi ndiye niliyesema, kwa hiyo mimi ndiye ninayeondoa. Clémentine hakuumwa malaria. Hakwenda Maputo. Alikuwa na mimba, hakuitaka, akanunua dawa kwa watu wa nguzo. Akatokwa damu. Akaogopa hospitali, kwa sababu alidhani watamfunga kama wanavyofunga kwetu. Hapa hawafungi. Hapa sheria inaruhusu, na hospitali ingemtibu, lakini yeye alikuwa hajui, na mimi nilikuwa sijui, na nadhani wengi hapa hamjui. Ameuawa na kutokujua. Huo ndio ugonjwa."

Kisha Gustave akainuka.

"Anatole! Mambo haya hayasemwi mbele ya watoto."

"Watoto wako barabarani, mzee. Na wanaongea Kizulu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Gustave hakucheka.

"Unafundisha watu kuua!"

"Sifundishi. Naeleza mgonjwa alikufa vipi, ndiyo kazi niliyopewa. Ukitaka kuwafundisha wasifanye, utasimama kanisani kesho, nami nitakuja kukusikiliza. Lakini anayetokwa damu aende hospitali. Hilo hata wewe huwezi kulipinga."

"Nitampinga anayelisema hivyo," Gustave alisema, akachukua kofia yake, akatoka. Mkewe alibaki. Baadaye nilimwona akimfungia sahani yake ya chakula kwenye karatasi ya foili, na nyama mbili juu.

Sikumtazama Jocelyne wakati Anatole anasema. Nilijizuia. Nilipomtazama mwishowe alikuwa ameinamisha kichwa na anavuta uzi kwenye pindo la kitenge chake, anauvuta na kuuvuta, na Firmin alikuwa bado na simu yake.

Anatole aliinua kofia, akampigia mama tena.

"Mama, samahani. Umerudi?"

"Nimerudi. Umefika wapi?"

"Nimefika kwenye ugonjwa," alisema. Akaeleza malaria, safari ya Maputo, homa iliyopanda kichwani. Alieleza taratibu, kwa sauti ileile, mbele ya watu wote waliokwisha kusikia habari nyingine. Hakuna aliyefungua mdomo. Mwishoni mama alisema asante, na tukanawa mikono, tukala. Msiba ukawa umeondolewa katika nchi zote mbili, kila nchi na maelezo yake.

Jocelyne aliaga mapema. Langoni alisimama mbele yangu huku Firmin akitafuta teksi, zile basi ndogo za abiria.

"Yule mutu wa nguzo nimemwambia asije," alisema chini. "Iko wapi hiyo kliniki yako?"

Tulikwenda Jumanne, tulipopata ruhusa saluni. Jocelyne aliniomba tupite ile iliyo karibu kwanza, kwa sababu anaijua. Tukiwa bado kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, tuliziona fulana langoni. Mwanamke mmoja wa pale alikuwa anamfokea mama mwenye mtoto mgongoni, kidole kiko usoni pake, na yule mama alikuwa anafungua mkoba wake na kuufunga. Jocelyne alinishika mkono pale pale Clémentine aliponishika.

"Unaona?" alisema. "Mjomba anasema inaruhusiwa. Hawa wamekataza."

"Hawa si sheria."

"Lakini wako mulangoni, yaya."

Ndivyo Sista Thandeka alivyosema pia. Taa ikawa kijani, watu wakavuka wakatupita. Tukapanda teksi nyingine hadi ile kliniki niliyoandikiwa. Ilikuwa mbali, safari mbili. Langoni kulikuwa na mlinzi peke yake, akasema sharp, yaani sawa, mama, ingieni. Mimi niliachwa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Nilisikia muuguzi akimuuliza Jocelyne jina, tarehe, upasuaji wa mwisho ulikuwa lini. Alimuuliza kama kuna mtu amemlazimisha. Karatasi yake ya ukimbizi aliitazama akaandika namba yake akamrudishia. Nilikaa pale muda mrefu. Mbele yangu palikuwa na mama mzee aliyekuja kwa ajili ya shinikizo la damu, akaniuliza kama nasuka na kwa bei gani.

Jocelyne alitoka ameshika mfuko mdogo wa karatasi.

"Kimoja nimemeza mbele yao," alisema. "Vingine ni vya nyumbani. Wamenipa namba ya simu. Yule sista amesema, nikijaza pedi mbili kwa saa moja, nirudi mbio, hata kama ni usiku. Akasema tena: rudi. Nikamwambia nimesikia. Akasema mara ya tatu."

"Vizuri."

"Nikamuuliza, na polisi? Alinitazama kama mujinga." Akaanza kucheka, kisha akakaa kwenye benchi akalia kidogo, kisha akasema twende, maana teksi za mchana hujaa.

Alikuwa mzima. Wiki iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake, na mteja wa kwanza aliyelalamika aliambiwa habari ya lifting ya uso.

Gustave hamsalimii Anatole tena. Anatole anasema ni nafuu, kwa sababu Gustave alikuwa anakuja kupunguziwa suruali bure kila anapofunga na kukonda.

Mama alinipigia Jumapili moja baada ya hapo, alipokuwa peke yake. Tuliongea habari za Fiacre, za bei ya mchele, za bati la jikoni linalovuja.

"Mbu wa huko ni wengi?" akauliza.

"Wapo, mama."

"Anatole alieleza vizuri. Nilisikia simu ikikatwa, nikajua huko kwenu anaeleza vizuri zaidi."

Kwa mbali nilisikia kuku wake.

"Mimi nilimpelekea Sagesse chakula," mama alisema. "Unakumbuka? Clémentine akibeba sufuria. Nilikuwa nafikiri namfundisha huruma yule mtoto. Kumbe namfundisha kwamba hospitali ni njia ya gerezani." Akavuta pumzi. "Hapa tuseme malaria, mwanangu. Hapa ni afadhali malaria."

"Ndiyo, mama."

Akaniuliza kama baridi imeanza Johannesburg. Nikamwambia imeanza.